Msiniulize nauza bei gani

Kila nikionyesha lesi yangu, swali la kwanza huwa lilelile. Sio "umeifanyaje" wala "imekuchukua muda gani", bali "unauza bei gani?" Wameniuliza wenzangu wa kazini hapa Ubelgiji, wengi wao Wakongo. Ameniuliza binamu yangu wa Mombasa. Na mama yangu aliyeko Pangani, aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka kabla sijajua kusoma, ameniuliza kwa simu mara tatu.

"Mwanangu, hizo nyuzi zinakulipa?"

"Hapana, mama. Nazipenda tu."

"Haya. Mungu akupe na nafasi ya kulala."

Nimeamua kulijibu swali hili kwa kirefu, maana naona limebeba jambo kubwa kuliko lesi.

Kwanza niwatoe wasiwasi wanaodhani nasema ile lesi ya kupimwa kwa mita Kariakoo. Ile hutengenezwa kwa mashine. Hii ninayoifanya husukwa kwa mkono juu ya mto. Mto wenyewe ni mgumu, umeshindiliwa majani makavu au unga wa mbao, na juu yake hubandikwa karatasi yenye mchoro uliotobolewa vitundu. Nyuzi huzungushwa kwenye vijiti vyembamba vya mbao (si zile bobini za cherehani, hivi vina urefu wa kidole na zaidi), na vijiti huenda jozi jozi. Nilivisikia kabla sijaviona. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia kazini alikuwa na mto wake kando ya dirisha, nami nikiwa korido nikasikia mlio kama wa kete za bao zikidondoshwa mashimoni. Nikaingia, nikasimama nyuma yake, na chai yake ikapoa mkononi mwangu.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba kazi yote ina miendo miwili tu. Unashika jozi mbili, yaani vijiti vinne. Kupishanisha: cha pili kinapita juu ya cha tatu. Kusokota: cha pili kinapita juu ya cha kwanza, na cha nne juu ya cha tatu. Basi. Pishanisha, sokota, pishanisha, nawe umepata mfumo mzito kama kitambaa. Pishanisha na sokota pekee, umepata mfumo mwepesi unaopitisha mwanga. Pini huchomekwa kitunduni ili kushika pale nyuzi zilipokutana. Mwishoni unazing'oa pini zote, na lesi inabaki imejishika yenyewe. Hakuna kitambaa chini yake, na hakuna sindano iliyopita.

Msukaji wa ukili akisoma maelezo hayo hahitaji mkalimani. Juu, chini, juu, vuta. Vidole vyangu vilielewa siku ya kwanza darasani, mwalimu akanitazama akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, barazani kwetu, kwa miyaa.

Lugha yetu nayo inajua. Tunalo neno kimia. Kimia ni wavu wa mviringo ambao mvuvi huutupa majini kwa mkono, na kimia ni lesi, nguo ya matundu. Neno moja kwa vitu vyote viwili! Nilipolikumbuka nilifurahi kama niliyeokota pete, kwa sababu Wareno wana msemo wa pwani zao: palipo na nyavu, pana lesi. Katika miji ya wavuvi kama Peniche na Vila do Conde, wanaume walikwenda baharini na wanawake wakakaa na mito yao. Wareno wakaupeleka ufundi huo Brazili, na huko Ceará kuna wanawake waliotumia miiba ya mdungusi-kakati badala ya pini. Wakaufikisha hata kwenye bahari yetu hii ya Hindi: Galle, Sri Lanka, lesi hii huitwa beeralu, na jina hilo limetokana na bilro, neno la Kireno la kijiti. Kwetu Wareno hao hao walituachia meza na leso.

Sasa turudi kwenye pesa.

Lesi hii ilianza Ulaya karne ya 16, hasa Italia na Flanders (leo sehemu kubwa yake ni Ubelgiji), na kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya riziki, tena riziki ya shida. Migodi inajitokeza mara nyingi katika historia yake. Kule Annaberg, kwenye milima ya madini ya Saxony, Ujerumani, Barbara Uttmann, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1575, aliwapa mamia ya wanawake kazi ya namna hii. Kule Idrija, Slovenia, mji wa mgodi wa zebaki (zebaki ileile wanayoijua wachimbaji wetu wa dhahabu), wake za wachimbaji walisuka lesi kwa sababu mshahara wa mgodini haukutosha. Uingereza watoto wa umri wa miaka mitano hivi waliketishwa kwenye shule za lesi ambazo kwa kweli zilikuwa karakana, wakihesabu pini kwa kuimba ili mikono isipunguze mwendo. Usiku watu kadhaa waligawana mshumaa mmoja, mwanga wake ukipitishwa kwenye chupa ya duara iliyojaa maji ili kila mmoja apate doa la nuru juu ya mto wake. Nikifikiria macho ya watoto wale, siwezi kuwaambia watu kwamba zamani kulikuwa kuzuri.

Halafu mashine ikaja. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mashine yake ya kutengeneza wavu wa lesi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1816 watu wenye hasira wakaivamia karakana yake kule Loughborough na kuvunja mashine, naye akahamia Tiverton. Kuvunja hakukusaidia kitu. Bei ya mkono haikuweza tena kushindana na bei ya chuma. Kwa hesabu ya soko peke yake, lesi ya mto ingekuwa imezikwa zamani.

Lakini haikuzikwa, na hapo ndipo ninapotaka wenzangu wasimame kidogo. Walioiokoa ni watu wasioihitaji kwa riziki: walimu, wauguzi, wastaafu, wahandisi, mama wa nyumbani. Walipenda kujua nyuzi zinapita wapi. Shule ya lesi ya Idrija ilifunguliwa mwaka 1876 na hadi leo inafundisha watoto. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huo wa Slovenia katika orodha ya urithi usioshikika. Bruges, hapa Ubelgiji, kuna kituo cha lesi ambako unaweza kukaa ukawatazama wanawake wakisuka, na wala hawakukazanii ununue. (Lesi nyingi katika maduka ya watalii mitaa ya jirani ni ya mashine. Ukitaka kujua, nenda pale kituoni kwanza, macho yako yakishajifunza hayadanganyiki tena.)

Tangu miaka ya 1980 kuna shirika la kimataifa la wasukaji, OIDFA, ambalo limekuwa likikutanisha watu, kila mara nchi nyingine. Wamekutana Adelaide, Australia, mwaka 2014, Ljubljana, Slovenia, 2016, Bruges 2018. Wanaelewanaje? Kwa mchoro. Ubelgiji na sehemu nyingi nyingine michoro hupakwa rangi: zambarau ni mfumo mzito, kijani ni mfumo mwepesi, nyekundu ni ule mzito ulioongezewa kusokotwa. Msukaji wa Japani na msukaji wa Brazili wanaweza wasiwe na neno hata moja la pamoja, wakasoma karatasi ileile kama watu wanaosoma noti za muziki. Darasani kwetu tupo kumi na mmoja, lugha sita, na nimejifunza zaidi kwa kutazama mikono ya mwanamke mmoja wa Kicheki kuliko kwa maelezo ya mtu yeyote.

Kwetu kazi ya mikono huzungumzwa kwa lugha ya miradi: kikundi cha akina mama, mtaji, soko, banda la Sabasaba. Siidharau lugha hiyo. Ukili wa mama ulininunulia madaftari. Lakini nimeona pia ilivyokuwa mikeka ya plastiki ilipojaa madukani. Waliokuwa wakisuka kwa ajili ya soko tu waliacha, na binti zao hawakufundishwa, kwa sababu nani amfundishe mtoto kitu kisichouzika? Lesi ilipigwa na chuma, mikeka yetu ikapigwa na plastiki. Kipigo ni kimoja. Tofauti ni kwamba wenzetu walikuwa na watu waliosema: hata isiponunuliwa, mimi nitaisuka.

Wengine wananiambia hiyo ni starehe ya watu wenye pensheni na nyumba zenye joto. Nalikubali kwa sehemu. Muda ni mali, na wengi wetu hatuna. Ila mbona tunaijua starehe hii? Angalia vitambaa vya kufuma juu ya makochi ya mama zetu, vingapi viliagizwa na mteja? Kofia za viua za Lamu, ambazo uzuri wake wote umo kwenye vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, nyingine zilishonwa kwa ajili ya mume, basi. Uingereza walikuwa wakitoa zawadi vijiti vya mfupa vilivyochorwa jina la mpenzi na maneno ya mahaba. Sisi tuna kanga kwa kazi hiyo. Kupenda kazi ya mkono si jambo la kigeni kwetu. Tumejifunza tu kuona haya kulisema, kana kwamba mtu mzima lazima awe na sababu ya shilingi. Hata jina la jambo lenyewe, la kazi unayoifanya kwa kuipenda tu, linatusumbua: Wakenya wanasema uraibu, na ukilisema neno hilo Tanzania watu wanafikiria dawa za kulevya.

Na kuhusu kuuza, nina msimamo. Kipande changu kidogo, ukubwa wa kiganja, kilinichukua saa arobaini. Nikikitoa kwa euro ishirini, nimemfundisha mnunuzi kwamba saa moja ya mwanamke ni nusu euro. Bora nikupe bure kwa mapenzi. Anayesuka kwa riziki ana haki ya kulipwa saa zake zote, na mimi ninayesuka kwa kupenda sina ruhusa ya kumharibia bei.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama kwa video, nikauelekeza mto wangu kwenye kamera. Jozi kumi na nne, mchoro wa majani madogo. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Sogeza karibu," akasema. "Hapo kulia, juu ya ile pini ya tatu. Uzi umepita chini, ulitakiwa upite juu."

Hajawahi kushika kijiti hata kimoja maishani mwake. Nikainama, nikatazama. Ilikuwa kweli. Nikang'oa pini nane na kuanza kufumua, yeye akinihesabia kutoka Pangani.

"Rudi. Rudi tena. Hapo. Sasa pitisha juu."