Ushuru wa korosho umpeleke mtoto shule mwezi Julai

Nianze na msimamo wangu. Halmashauri zetu za Mtwara na Lindi zitenge sehemu ya ushuru wa mazao, kila msimu, kusomesha watoto wa wakulima, na jambo hilo liwekwe kwenye sheria ndogo badala ya kuachiwa hisani ya mtu. Wa kwanza kufikiriwa wasiwe wa chuo kikuu. Wawe wa kidato cha tano, wa vyuo vya ufundi vya VETA na wa vyuo vya kati vya cheti na stashahada, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapokwama kwa wingi.

Ukitaja jambo hili kijiweni utaambiwa elimu siku hizi ni bure. Ni kweli ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikaingizwa. Hatua hiyo imetusaidia sana huku kusini na siibezi hata kidogo. Lakini chukua fomu ya kujiunga ya mtoto aliyepangiwa shule ya bweni, uisome mstari kwa mstari. Godoro la futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili. Ndoo mbili. Jembe lenye mpini, au fyekeo, kutegemea shule. Rimu ya karatasi. Sare jozi mbili, viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, nguo za michezo. Kisha inakuja orodha ya fedha: ya kitambulisho, ya huduma ya kwanza, ya tahadhari, ya ukarabati wa samani. Fomu ya mpwa wangu ilikaribia laki tano kabla hatujagusa nauli, na alipangiwa mbali, kwa maana kidato cha tano mtoto wa Newala anaweza kupelekwa Kigoma na wa Liwale akapelekwa Mara. Kwetu mzigo wa mtoto wa dada humwangukia mjomba, kwa hiyo fomu hizi nimezisoma vizuri.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Kidato cha tano kinaanza Julai, na kila mkulima wa korosho anajua Julai ni mwezi wa namna gani. Mikorosho inatoa maua, mtu yuko shambani anapuliza dawa ya salfa, akiba ya msimu uliopita imekwisha kwenye palizi, na mnada wa kwanza uko Oktoba. Hela iko juu ya mti, haijafika mfukoni. Wakati huohuo shule inataka mtoto aripoti ndani ya wiki chache, akichelewa nafasi yake inapewa mwingine.

Hapo ndipo kangomba anapoingia. Kila mtu hapa anamfahamu: anakuja jioni, ana fedha taslimu, anakununulia korosho ambazo hata hazijaanguka, kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imepiga marufuku, wakuu wa wilaya wanakemea kila mwaka, mwaka 2018, wakati jeshi linakusanya korosho kwa niaba ya serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa mashamba ili kuwabaini kangomba. Kangomba bado yupo. Atakuwepo maadamu kuna baba mwenye fomu ya shule mkononi mwezi Julai na hana pa kukimbilia. Ninamjua mzee mmoja wa upande wa Nanyamba aliyetoa karibu mavuno yake yote kwa njia hiyo ili binti yake aripoti. Msimu ulipofika majirani zake walikuwa wanasubiri malipo yao kupitia chama cha msingi cha ushirika, yeye alikuwa anaokota korosho za mtu mwingine zilizodondoka kwenye mikorosho yake mwenyewe. Binti yuko shule, na baba hana la kujutia kwa hilo. Ninachokilaumu ni kwamba halmashauri inayokusanya ushuru kwenye korosho zilezile haikuwa na njia yoyote ya kumvusha miezi mitatu.

Na fedha zipo. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, ukashushwa hadi asilimia 3 mwaka 2017. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, ila mnunuzi akiandika bei kwenye zabuni ameshaupigia hesabu, kwa hiyo ni jasho la mkulima. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 kilo ilivuka shilingi 4,000. Kwa bei hiyo ushuru ni shilingi 120 kwa kilo, laki moja na ishirini elfu kwa tani. Tuchukue mfano wa halmashauri inayouza tani 10,000 tu: hiyo ni bilioni 1.2. Sehemu moja ya kumi ni milioni 120. Ukimpa kila mtoto laki nne, umewafikia watoto 300 kwa msimu mmoja. Bei ikishuka hadi 2,000 wanabaki 150, na hao 150 bado ni wengi kuliko wale wanaopigwa picha na hundi ya mfano kila karibu na uchaguzi.

Ushuru wa korosho si chanzo pekee. Kuna ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo, unaolipwa na kampuni zinazofanya kazi kwetu. Gesi ya Songo Songo iko Kilwa, ya Mnazi Bay iko Mtwara, na kiwanda cha saruji cha Dangote kiko Mtwara tangu 2015. Tuliambiwa mengi kuhusu gesi mwaka 2013, ilipopangwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, watu wakaumia kwa ajili yake. Mzazi wa Msimbati, jirani na gesi ya Mnazi Bay, hawezi kuligusa bomba hilo, lakini risiti ya chuo yenye jina la mtoto wake anaweza kuishika.

Kwa nini nasema chuo kikuu kisubiri? Kwa sababu huko Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005, na kwa mapungufu yake yote inawabeba wengi. Stashahada zilianza kupata mikopo 2023/24, tena kwa baadhi ya fani tu. Ngazi ya cheti ilibaki nje. Mtoto anayetaka cheti cha uuguzi Ndanda au Newala, cha utabibu Masasi, cha kilimo pale Naliendele, au cha umeme VETA, anategemea mfuko wa mzazi. Na hawa ndio wanaorudi kufanya kazi kwenye zahanati zetu. Wanaohofia kwamba tutamsomesha mtu abaki Dar es Salaam waangalie fani tunayolipia kwanza.

Najua hoja ya barabara. Barabara za Nanyumbu na Liwale masika zinatesa, zahanati hazina dawa, madiwani wana kazi ngumu ya kugawa kidogo kilichopo. Ninaikubali yote hiyo, ila sikubali kwamba kumi katika mia moja ya ushuru wa zao lenyewe ndiyo itakayoua barabara. Kuna posho na safari za semina kwenye bajeti zetu ambazo hakuna mwananchi atakayezililia. Wapo pia wanaosema Wamakonde na Wayao wapunguze unyago wasomeshe watoto. Unyago hufanywa baada ya mavuno, fedha ikiwepo. Fomu ya shule inakuja wakati fedha haipo. Anayechanganya hayo mawili hajawahi kukaa kijijini mwezi Julai.

Kuna wanaosema kusomesha ni kazi ya Serikali Kuu. Wenzetu Kenya wamelivutana hilo waziwazi: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziache kulipa basari za sekondari na vyuo bila makubaliano na serikali ya kitaifa, magavana wakaenda mahakamani. Funzo ninaloliona hapo ni kuandika mambo vizuri tangu mwanzo. Sheria ndogo ipitishwe na baraza la madiwani, iidhinishwe na waziri, kiwango kitajwe, ili mkurugenzi akihamishwa na mpya akija utaratibu usihame naye.

Tuna mfano wetu pia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliwekwa kwenye sheria 2018, na tangu hapo hakuna halmashauri inayoweza kusema imesahau. Lakini Aprili 2023 ilibidi isimamishwe, ikarudi 2024, kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Majina yalipitishwa ofisini, kijiji hakikuyaona. Kwenye masomo tusirudie hivyo. Orodha ya waombaji isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, jina na shule aliyopangiwa, watu waseme nani hana na nani anazo. Kijijini tunajuana. Waliochaguliwa wabandikwe ofisi ya kata pamoja na kiasi walichopewa. Fedha za chuo ziende chuoni moja kwa moja. Za kidato cha tano, halmashauri inunue godoro, ndoo na sare kwa jumla na kumkatia mtoto tiketi, maana vitu hivyo vikinunuliwa kwa mamia bei yake si ile ya duka moja moja.

Jambo la mwisho ni la kihasibu, na bila hilo mengine yote hayatafanya kazi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na Julai halmashauri yenyewe haina ushuru, kwani korosho hazijauzwa. Fedha za watoto wa Julai lazima zitoke kwenye minada ya Oktoba hadi Januari iliyopita na zikae kwenye akaunti ya masomo peke yake, zisiguswe kwa dharura nyingine. Zikichanganywa na fedha za kawaida, kufika Mei zitakuwa zimeshalipa mafuta ya magari. Mtu akimkuta diwani wake wakati bajeti zinapangwa, kabla ya Machi, amuulize swali hilo moja: akaunti ya masomo ina namba gani, na nani anasaini.