Duara lenye kipande cheupe

Waulize watafiti elimu ya sanaa ilianza lini ukanda wa Ziwa Victoria, utapewa majibu mawili yasiyokaa chungu kimoja. Wa kwanza watakutajia 1937, mwaka ambao Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora Makerere, Kampala. Wa pili watakucheka: kwani kabla ya hapo Wasukuma walifundishwa na nani kuchonga ngoma?

Nimekuwa nikiifuatilia historia hii nikiwa Mwanza, na kwa muda mrefu nilikuwa kundi la kwanza. Sijutii. Kwenye nyaraka unaweza kuufuata hata ugomvi. Trowell hakutaka kuwalisha wanafunzi mitindo ya Ulaya. Aliwasimulia kisa, nao wakachora walichokiona akilini. Mwaka 1958 akampisha Cecil Todd, ambaye aliona mwanafunzi wa Kiafrika ana haki ya kujifunza sanaa ya kisasa na nadharia ya rangi kama mwenzake wa popote duniani. Nani alikuwa sahihi? Swali hilo bado linawagombanisha wasomi, na wanagombana vizuri kwa sababu barua, mitaala na tarehe zipo.

Ila humo anayesema zaidi ni mwalimu. Mwanafunzi husikiki. Mtazame Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro: alipita kwa Trowell, akaenda kusoma shule ya sanaa ya Slade huko London, na baada ya Uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Ukisoma wasifu huo tu utatarajia picha zenye harufu ya London. Sasa tazama picha yake ya 1956 iliyo kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Vyeti vyake visingekuambia hilo.

Na Mwanza je? Kwenye nyaraka za Makerere, Mwanza ni bandari ya kupandia meli, basi.

Hapo ndipo kundi la pili linapopata hoja. Nenda Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ngoma za watemi zipo, na kila moja ni ushahidi kwamba kulikuwa na fundi, na fundi alikuwa na mwanafunzi aliyeshika tezo kabla hajaruhusiwa kukata. Hiyo ni shule, hata kama haina daftari la mahudhurio. Nakubali. Lakini ngoma haikwambii ilichongwa mwaka gani, wala fundi alikosana na nani kuhusu namna ya kufundisha. Wenzangu wa kundi hili wakikwama hapo husema "tangu enzi za mababu", na mimi kalamu huiweka chini. "Tangu enzi" si jibu la swali la lini.

Kilichonitoa kwenye ubishi huu ni daftari. Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyesomea sanaa Chuo cha Ualimu Butimba, alinifungulia sanduku la bati nyumbani kwake Mkolani. Chini ya vitenge kulikuwa na azimio la kazi, maandalio ya somo, na daftari la michoro lililoliwa pembe na mende. Ukurasa mmoja una duara la rangi, mchoro wa kuonyesha rangi zinavyochanganyika, lenye vipande kumi na viwili. Kumi na kimoja vimepakwa. Cha rangi ya chungwa ni cheupe.

Nikachangamka. Duara la vipande kumi na viwili! Akili ikaruka hadi Ujerumani, kwa Johannes Itten, aliyefundisha rangi kwa duara kama hilo Bauhaus, shule ya sanaa iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 na kufungwa 1933 Wanazi walipoingia madarakani. Nikaanza kuota makala: Bauhaus yafika Butimba, na kipande cheupe kama upinzani wa mwalimu wa Kiafrika.

"Shikamoo mwalimu, naomba niulize: hapa uliacha makusudi?"

"Marahaba. Makusudi gani, mwanangu? Njano ya kuchanganyia chungwa iliisha. Ile miaka ukipata rangi ya dukani ni bahati. Nyeusi tulitumia masizi, mihuri tulichonga kwenye viazi vitamu."

Makala ikafa palepale. Duara la rangi, kwanza, ni la zamani kuliko Bauhaus, mwanasayansi Newton alishalichora. Lakini mama naye aliniambia alilipaka mwaka Mwalimu Nyerere alipong'atuka, yaani 1985. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, pameandikwa 1981. Nilipomwonyesha alivaa miwani, akatazama, akacheka: "Basi nimejipunguzia umri kidogo."

Tofauti ya miaka minne si ndogo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilikimbilia elimu ya msingi kwa wote, na maelfu ya walimu walifundwa vijijini wakiwa kazini, kwa redio na masomo ya posta. Somo la kuchora liliponaje katika mbio hizo? Sera haisemi, Elimu ya Kujitegemea ya 1967 inahimiza kazi za mikono, haitaji masizi. Anayejua ni aliyesaga masizi, na anayemsahihisha ni daftari lake.

Ndiyo maana siku hizi sianzii maktaba wala kwa wazee. Naanzia sandukuni, kisha namkalisha mwenye sanduku mbele ya mwandiko wake. Kazi ni ya polepole, na mende wana kasi kuliko mimi. Mama wa Mkolani ameniruhusu kupiga picha kurasa zote, kwa sharti moja: ile ya duara nisiipige mpaka nimletee njano.