Sura Yako Haina Kosa, Mpigaji Arudi Nyuma

"Mimi huwa sitoki vizuri kwenye picha." Karibu kila mtu niliyewahi kumwelekezea kamera ameniambia hivyo, na kila mara huniuma, maana anajitwika lawama isiyo yake. Mara nyingi tatizo ni kwamba aliyempiga alisimama karibu mno.

Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, kwa hiyo mpigaji anayetaka uso ujae kwenye kioo husogea, na husogea tena. Akifika sentimita 30, pua inakuwa karibu na lenzi kuliko masikio kwa tofauti kubwa, basi inavimba, masikio yanajificha, na uso mzima unakuwa mwembamba kama umebanwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Kuna watu wamechukia pua zao kwa sababu ya selfi! Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, kisha tumia lenzi ya kuvuta. Wenye kamera kubwa wanaopenda lenzi ya milimita 85 wanapata faida hiyohiyo: huwezi kupiga uso kwa lenzi hiyo bila kusimama mbali kidogo.

Baada ya umbali, mwanga. Jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni, kwa hiyo mpeleke mtu kivulini au karibu na dirisha, mwanga umpige kwa ubavu kidogo, hadi uone nukta ya mwanga iking'aa ndani ya macho.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la ziada. Kamera hupima mwanga kwa kudhani mandhari yote yana wastani wa kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso unazama gizani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga taratibu. Lakini usimpaushe. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao wake, pale mwanga unapoteleza shavuni na kwenye paji la uso, na ukiufuta mng'ao huo kwa programu umemfuta mtu mwenyewe.

Pozi ni jambo dogo kuliko tunavyodhani. Kidevu kisirudishwe shingoni. Asogeze uso mbele kidogo, kisha akishushe kidevu kwa kiasi cha kidole, taya litajichora. Uzito aulaze mguu wa nyuma. Mikono isibanwe mbavuni, kwani ikibanwa hupanuka. Wewe shika kamera usawa wa macho yake, na fokasi, yaani ukali wa picha, iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Sipendi kumwambia mtu "tabasamu". Huleta meno bila macho. Namwomba afumbe macho, apumue nje polepole, kisha ayafumbue, nami napiga papo hapo. Picha ya kwanza ikitoka nzuri namwonyesha hapohapo. Mabega yanashuka yenyewe, na zinazofuata huwa bora kuliko hiyo.