Semina za TEHAMA Zianze na Daftari la Mwanafunzi

Semina nyingi za TEHAMA kwa walimu huendeshwa kama gulio: programu kumi kwa siku moja, kila moja nusu saa, jioni cheti na picha ya pamoja. Wiki mbili baadaye mwalimu amebaki na nywila tatu asizozikumbuka. Wawezeshaji husema walimu ni wazito wa teknolojia. Hapana. Walionyeshwa vitufe bila kupewa kazi ya kufanya navyo.

Mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 3 la mwaka 2018, una umahiri 18 katika vipengele sita. Stadi za kutumia vifaa ni kipengele kimoja tu kati ya hivyo. Kuna pia ufundishaji, mtaala na upimaji, na mwalimu kujiendeleza. Semina zimeking'ang'ania hicho kimoja.

Mimi ningepanga hivi: wiki nane, zana moja, na zana yenyewe iwe kinasa sauti kilichomo tayari kwenye simu. Kila wiki mwalimu awarekodi wanafunzi watano, dakika moja kila mmoja, wakieleza jibu lao kwa mdomo. Darasa la watu 40 linakwisha ndani ya wiki nane. Anayetaka kurekodi wote siku ya kwanza ataishia na lundo la faili ambalo hakuna atakayelisikiliza.

Kwa nini sauti? Muulize mwanafunzi ipi kubwa, 3/4 au 2/3. Anaandika 3/4, anapata vema. Mwache aeleze: “Ni 3/4, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3.” Hapo ndipo unapojua kwamba kesho, ukimpa 1/4 na 1/3, atachagua 1/4. Vema ya kalamu nyekundu ilikuwa imeficha kosa zima.

Sauti pia ni nyepesi. Ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika moja ni kama kilobaiti 240, na darasa zima halifiki megabaiti 10. Video ya ubora wa 1080p yaweza kula megabaiti 100 kwa dakika hiyo hiyo moja. Ukitaka na picha ya daftari, piga karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na karatasi. Chini ya taa ya darini kivuli cha simu huangukia maandishi. Kisha ipunguze hadi pikseli 1600 upande mrefu. Mwandiko bado utasomeka.

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele: 2025-03-10, halafu namba ya mwanafunzi, halafu mada. Ukianza na siku, kompyuta itachanganya miezi. Jina la mtoto lisiwemo.

Kwenye kushirikisha faili hizo na wazazi ndiko mambo huharibika zaidi. Kiungo kilichowekwa “yeyote mwenye kiungo” hakibaki kwa mzazi uliyemtumia. Kikisambazwa kinafunguka kwa kila mtu. Weka ruhusa kwa barua pepe ya mzazi husika, ya kutazama tu, kisha kijaribu kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti. Kikifunguka, hujakifunga. Picha nayo yaweza kubeba mahali ilipopigwa, kwa hiyo zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza. Idhini ya mzazi iombwe kabla ya kurekodi, na mtoto naye aulizwe. Mimi sikubali kabisa kazi za watoto kumwagwa kwenye kundi la wazazi wote, hata zile nzuri. Mzazi ambaye mwanawe hakuonyeshwa ameshapewa ujumbe.

Wanaotumia Google Classroom, darasa la mtandaoni la kugawa na kukusanya kazi, wana mtego wao. Ukiambatisha hati na kuchagua wanafunzi waihariri, darasa zima linaandika kwenye karatasi moja na kufutiana. Chagua kila mwanafunzi apate nakala yake, tena kabla ya kuichapisha kazi, maana baadaye chaguo hilo halipatikani. Ikishatokea, fungua historia ya matoleo na urejeshe lililokuwa zima.

Mafunzo yenyewe, kwa maoni yangu, ni dakika 40 kila wiki: walimu watatu wanakaa, wanasikiliza zile rekodi tano, na kila mmoja anaandika sentensi moja kuhusu atakachofundisha upya na kwa nani. Mwezeshaji awepo wiki ya kwanza na ya nne. Wiki ya nne ndipo folda zinapoanza kuvurugika na watu kuchoka, na hapo ndipo msaada wake una maana kuliko siku ya ufunguzi.

Folda iwe kwenye akaunti ya shule. Ikiwa ya mwalimu binafsi, akihamishwa anaondoka na sauti za watoto 40.