Kuhesabu hataza si kupima ubunifu

Kila ripoti ya ubunifu inapotoka, nchi zetu za Afrika hukaripiwa kwa uchache wa hataza, yaani haki za kisheria zinazomlinda mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, na viongozi huahidi kuongeza idadi. Naona tumeshika mizani kabla ya kujua inapima nini.

Simama Gikomba, Nairobi, umtazame fundi akikunja bati la jiko la makaa lenye kiuno chembamba, kisha akipachika ndani yake kikombe cha udongo uliochomwa, chenye matundu chini. Jiko hilo, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kurekebisha jiko la ndoo la Thailand, hupunguza makaa yanayoteketea, na limevuka mipaka kwa sababu kila fundi aliweza kuliiga na kuliboresha. Katika takwimu za hataza, kazi hiyo ya miaka 40 karibu haionekani.

China ilikumbwa na kinyume chake. Mikoa na miji iliwapa waombaji wa hataza ruzuku, maombi yakafurika, hadi mwaka 2021 mamlaka ya haki miliki ikaagiza ruzuku hizo ziondolewe zote ifikapo 2025. Aliyeona fedha zinafuata maombi alileta maombi, na wa kulaumiwa ni aliyechagua kipimo hicho.

Sisemi takwimu hizi zitupwe. Kila hataza hubeba tarehe, jina la mvumbuzi, fani yake na hataza zilizotangulia, na hiyo ni hazina kubwa kwa mtafiti. Mwanauchumi Manuel Trajtenberg, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini, alikuta idadi tupu ya hataza ikifuatana na fedha zilizotumika katika utafiti, ilhali faida kwa jamii ilijitokeza pale alipozipa uzito zaidi hataza zilizonukuliwa mara nyingi na zile zilizofuata. Yaani idadi ilimwonyesha jasho, si mavuno.

Maombi mengi ya hataza yanayofika ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lililoko Harare, hutoka nje ya Afrika; kwa hiyo jumla ikipanda, huenda kilichopanda ni hamu ya kampuni za kigeni kulinda masoko yao huku kwetu. Tuwatenganishe waombaji wenyeji na wageni, tutazame ni hataza ngapi bado zinalipiwa ada ya kila mwaka ya kuziweka hai baada ya miaka 10, kisha tumtume mtu Gikomba na daftari lake, awaulize mafundi wamebadilisha nini tangu mwaka jana.