Kiingereza cha kwenye muvi: filamu nzima au kipande cha dakika mbili?

Wanaotetea muvi kama darasa la Kiingereza wana hoja moja ambayo kamusi haiijibu vizuri. Mtu akiambiwa "Tell me about it", akitafuta neno mojamoja atadhani ameombwa maelezo. Kumbe msemaji anamuunga mkono: yamemkuta yaleyale. Kwenye muvi utamwona anashusha pumzi, anatikisa kichwa, na mwenzake haelezi chochote zaidi. Au mtu anakaribishwa chai, anainua kiganja na kusema "I'm good". Kikombe hakipokelewi, nawe umejua amekataa kwa adabu.

Wapinzani nao wana haki, tena kuliko wanavyosikilizwa. Maneno ya muvi yameandikwa ili kisa kisonge. "We've got company", yaani maadui wamefika, ni kawaida kwenye muvi za mapigano na adimu ofisini. Misimu wanayorushiana marafiki kwa kicheko inaweza kumharibia mtu usaili wa kazi. Kubwa zaidi ni uhaba wa marudio: nahau inaweza kupita mara moja tu ndani ya saa mbili, na kilichosikika mara moja hakikai. Ndiyo maana wapo wanaotazama muvi miaka nenda miaka rudi wakabaki na "let's go" na "shut up".

Msingi wa maneno unayoyajua nao una uzito wake. Uchambuzi wa mazungumzo ya filamu za Marekani na Uingereza umeonyesha kuwa familia 3,000 za maneno yanayotumika zaidi (familia moja ni neno pamoja na maumbo yake, kama "work", "works" na "worker"), pamoja na majina ya watu na mahali, hufikia takriban asilimia 95 ya yanayosemwa. Mwenye maneno mia kadhaa atafuata picha tu. Hadithi rahisi za kusoma zitamfaa zaidi kwa sasa.

Kwa mwenye msingi, tunaona muvi inafundisha ikikatwa. Chagua kipande cha dakika 2 hadi 3, watu wawili wakiongea jikoni au kazini, pasipo milio ya risasi. Kipakue kabisa ili bando lisiishe kwa kurudia. Mara ya kwanza tazama bila maandishi. Mara ya pili weka maandishi ya Kiingereza, kwa sababu "what do you want" husikika kama neno moja na usipoliona utalidhani jipya. Maandishi hayo mara nyingine hufupishwa. Yakitofautiana na sauti, fuata sauti. Andika sentensi 5 kamili, pamoja na nani kamwambia nani na kwa hali gani. Kisha simamisha, rudia kwa sauti, jirekodi kwa simu na ulinganishe. Rudi kesho yake, na tena baada ya wiki.

Maandishi ya Kiswahili hayasaidii hapa: jicho husoma, sikio hupumzika. Muvi za vibanda umiza, ambazo sauti ya mtafsiri hufunika ya mwigizaji, ni burudani halali kabisa, ila Kiingereza chenyewe hakisikiki.

Kabla ya kuitumia nahau mbele ya bosi au mteja, isikie kwanza nje ya muvi, kwenye mahojiano ya redio kwa mfano. Na "gonna" ibaki mdomoni. Kwenye insha ya kidato cha nne andika "going to".