Andika Bei

Juzi nilikuwa natafuta kitenge cha sare ya harusi ya wifi yangu. Nikakiona Instagram, duka la Kariakoo. Nikauliza bei. "Bei DM." Nikaingia DM, kwenye ujumbe wa faragha, kimya. Kesho yake saa tano usiku ndipo likaja jibu: "Ipo dear." Nilishapanda daladala hadi Mtaa wa Kongo, nimenunua doti sita kwa mama mwingine, na fundi ameshakata.

Iliniuma, kwa sababu ukurasa ule umegharamiwa. Picha kali, matangazo ya kulipia. Mtu anatoa hela yake kuita wateja, halafu wakifika hakuna wa kuwapokea!

Sababu zao nazijua. Bei ya jumla si ya rejareja, na mzigo mpya huja na bei mpya. Haya, andika ya rejareja, ikibadilika badilisha. Unaogopa jirani ataiona? Jirani anachukua mzigo kwa tajiri yuleyule, bei anaijua kabla yako.

Mdogo wangu anauza madera. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na kaunta buku. Kila swali la mteja analiandika humo. Baada ya mwezi akahesabu, akakuta wengi wanauliza mambo mawili: urefu, na kama anatuma mikoani. Akatandaza dera sakafuni, akanyoosha futikamba kutoka shingoni hadi kwenye pindo, akarekodi. Chini akaandika bei, gharama ya kutuma kwa basi, na kwamba risiti ya basi ataipiga picha akutumie. Video haikusambaa popote. Ila maswali yalipungua, oda zikaongezeka. Mkakati wa mitandao ni huo jamani, kumsikiliza anayeuliza! Wafuasi wa kununuliwa kwa hela sitaki hata kuwazungumzia.

Kaunta buku hiyohiyo ina namba za wateja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima kuanzia jioni hadi usiku wa manane, alimpigia mteja wake wa Dodoma simu ya kawaida kumwambia mzigo umeshapanda basi.

Lile duka la vitenge bado nalifuata. Jana wameweka mzigo mpya, mzuri kweli. Nimewaandikia: dada, huyo mteja wa Mbeya ameuliza bei mara tatu, tafadhali mjibu.